Daraja Lililokaa Ukurasa wa Tisa

Nimekaa na aibu hii tangu Novemba, na kwa kuwa wenzangu wa ofisi ya walimu wamekwisha kuisikia kutoka kwa wanafunzi (tena imetiwa chumvi), ni heri niieleze mwenyewe kwa mdomo wangu, ingawa mkishaisikia mtaona kwamba chumvi wala haikuhitajika. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili niliyeandika risala ya kurasa tisa kuomba daraja, nikaisoma kwa sauti mbele ya mgeni rasmi na kijiji kizima, na neno daraja halikunitoka mdomoni hata mara moja.

Nafundisha sekondari, huku Bigwa ninakoishi, na somo langu nililozoea kujisifia ni uandishi wa insha. Aya moja, wazo moja. Mtoto akiniletea insha ya faida za misitu halafu katikati akaniingizia harusi ya shangazi yake, namrudishia daftari na wino mwekundu pembeni: Unataka nini? Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi mpaka wanafunzi wakanipa jina, wakiniona kwa mbali wananong'ona "Madamu Unataka Nini huyo anakuja," na mimi (nakiri) nilikuwa nalipenda jina hilo, nililiona kama cheo.

Sasa, kwetu nilikozaliwa ni juu milimani, kijiji kimoja unachokipandia kutokea Mlali, jina nalificha kwa sababu bado nahitaji kwenda kula sikukuu huko. Kijiji kimekatwa na mto. Ng'ambo ya chini kuna shule ya msingi, zahanati na barabara. Ng'ambo ya juu kuna watu. Kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe, viatu mkononi, huku unapiga soga. Lakini mvua ikinyesha kule juu kabisa, hata kama kijijini jua linawaka, maji yanashuka ghafla yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, mawe hayaonekani tena, na watoto wa ng'ambo ya juu hawaendi shule. Wala si siku moja mbili. Masika ya mwaka jana Rehema, binti wa dada yangu Asha, ukijumlisha siku zote alikosa wiki tano, na mwaka uliokuwa unakuja ndio alikuwa anaingia darasa la saba. Kwa hiyo tulichokuwa tunakitaka ni daraja, tena si la magari, la watu kupita kwa miguu tu. Hakukuwa na jambo jingine.

Ikatokea kwamba mkubwa mmoja kutoka mjini atakuja kufungua madarasa mawili mapya ya ile shule ya msingi. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi alikuwa Mjomba Shaabani, kaka yake mama. (Mnaowajua Waluguru mnajua mjomba ni nani, kwa msiojua, niseme tu kwamba baba yangu mzazi alipoletewa posa yangu alikaa kimya mpaka Mjomba aliposema.) Akanipigia simu.

"Mpwa wangu, fundi wa kuandika tunaye, tukahangaike kutafuta nani? Andika risala, na siku hiyo utaisoma wewe."

Niliiandika jioni moja, ikatoka ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza, sisi ni nani, mistari miwili. Ya pili, mto. Ya tatu, watoto wanavyokosa shule, kwa idadi ya siku, nilizihesabu kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Ya nne, tunaomba daraja, na sisi wenyewe tutatoa mawe, mchanga na nguvu zetu. Basi. Ilikuwa risala nzuri, jamani, naisema bila haya kwa sababu ndiyo kitu pekee katika mkasa huu ambacho hakikuwa na kasoro. Ikanipendeza kiasi kwamba nikaamua wanafunzi wangu wa klabu ya uandishi, kumi na wanne, nitawapandisha nao siku hiyo waone kwa macho yao maandishi yenye kusudi yanavyofanya kazi, na nikawachapia karatasi ya kupimia, yenye maswali: je, aya zinashikamana, je, lugha ina adabu, je, msikilizaji ameelewa anaombwa nini. Nani alinituma, mpaka leo sijui.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nikaenda kuisoma mbele ya kamati, ndani ya darasa moja jipya ambalo bado lilikuwa linanuka rangi. Nikamaliza. Mjomba akaichukua ile karatasi ya pili, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Mjomba."

"Mpwa wangu. Mtu anatoka mjini kote huko, anapanda mlima, halafu unamsomea karatasi moja na nusu? Ataona hatukumtarajia." Akaiweka mezani taratibu. "Na utamwombaje mtu kitu wakati hajui wewe ni nani? Weka asili ya kijiji. Aya moja tu."

Hapo ndipo. Kama kuna mahali ningeweza kurudi nikajishika mdomo, ni hapo. Mimi ninayewanyima watoto wa watu alama kwa sababu ya shangazi kwenye insha ya misitu, nikainamisha kichwa nikasema, "Sawa, Mjomba."

Aya ya Mjomba, alivyonitamkia mwenyewe akiwa amefumba macho, ilikuwa kurasa mbili na robo. Ndani yake mlikuwa na ukoo gani ulifika kwanza, nani alipanda mgomba wa kwanza na upande gani wa mlima, na ugomvi mmoja wa mpaka ambao naomba nisiuguse hata hapa. Na ikishaingia ya Mjomba, ya wengine utaizuiaje? Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akasema takwimu za ufaulu tangu shule ianze haziwezi kukosekana. Mwakilishi wa wakulima wa mdalasini akasema mdalasini ndio uchumi wetu. Bi Sikujua, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama, ambaye muda wote alikuwa akichambua maharage (alikuja nayo kikaoni), akasema bila kuinua macho, "Mimi nataka mistari miwili tu, Mwalimu Zaina. Sisi tunacheza bila spika, sauti zinatukauka. Miwili tu, wala si mingi." Nani angemnyima mama mtu mzima mistari miwili? Nikaandika na ya Bi Sikujua.

Kurasa tisa. Na hata hapo, mjue, nilikuwa bado naweza kuokoka, maana ningeweza kuliacha daraja mwanzoni na hayo mengine yote yakafuata nyuma kama mkia. Lakini nikajifanya fundi. Nikajiambia, jambo zito likae mwisho kabisa, mgeni aondoke likiwa bado linamlia masikioni, na nikaanza kuzisuka zile aya zote ziwe kitu kimoja, kwa "pamoja na mafanikio hayo" na "sambamba na hilo" na "hali hiyo inatukumbusha kwamba," mpaka migomba ikaingia kwenye ufaulu, ufaulu ukaingia kwenye mdalasini, mdalasini ukaingia kwenye ngoma, bila kuonekana palipofungwa. Ukurasa wa tano, katikati katikati, nikaificha mistari ya Bi Sikujua, nikidhani huko haitamsumbua mtu. Wa tisa nikaweka daraja. Nikaisoma nikaona nimeweza.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi, akaingia saa saba na nusu, akaomba radhi kwa heshima kabisa, alikuwa na shughuli nyingine mbili njiani. Ngoma ikachezwa. Utepe ukakatwa. Ngoma ikachezwa tena kwa sababu Bi Sikujua hakuridhika na ya kwanza. Wanafunzi wangu kumi na wanne nimewakalisha mbele chini ya turubai, sare safi, kalamu mkononi, karatasi za kupimia mapajani, na mshereheshaji (kijana machachari wa Mzumbe aliyekodiwa na kamati) akatangaza, "Sasa tumkaribishe Mwalimu, binti yetu wenyewe, atusomee risala." Nikasimama. Milimani kulikuwa kumeanza kuwa na wingu, lakini mimi nilikuwa naangalia karatasi.

Nikamaliza itifaki, nikaanza asili ya kijiji. Ukurasa wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, nikiwa nampandisha babu mlimani na vipando vyake, ikasikika ngurumo moja ya mbali, huko juu. Ndogo tu. Pale chini ya turubai watu wa ng'ambo ya juu wote waliinua nyuso kwa pamoja. Mama mmoja akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Wawili wakamfuata. Halafu mstari mzima. Nikamwona dada Asha anamshika Rehema mkono, ananionyesha mlima kwa kidevu, kwamba samahani mdogo wangu, sisi hatuwezi kusubiri, na mimi ndio kwanza nimefika kwenye mgomba wa kwanza.

Mgeni rasmi akaona viti vinabaki vitupu. Akamwinamia mshereheshaji, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwao nilisikia kila neno.

"Mbona wanaondoka?"

"Wanawahi, mheshimiwa," akajibu yule kijana.

Akatikisa kichwa, akaangalia saa yake. Najua alifikiri nini, angefikiri nini mtu yeyote: nimewachosha. Na kweli nilikuwa nawachosha, lakini wale hawakuondoka kwa kuchoka, waliondoka kwa sababu mto ungejaa wakalala ng'ambo isiyo ya kwao, yaani risala yenyewe ilikuwa inasimama kwa miguu yake na kutoka chini ya turubai mbele ya macho ya mgeni, na mimi niliyetakiwa kumwambia "mheshimiwa, hao unaowaona wanakimbia, ndio tuliokuitia," sikusema, kwa sababu mto ulikuwa ukurasa wa tisa na nilikuwa wa tatu. Na Mjomba alikuwa amekaa pembeni ya mgeni, amefumba macho, anaitikia kila jina la babu. Hivi ningemwachia babu wapi?

Nikaongeza mwendo. Mkiwa hamjawahi kusikia takwimu za ufaulu zikisomwa kama mtangazaji wa mpira, hamjakosa kitu. Matone ya kwanza yakagonga turubai. Mshereheshaji akaniletea kikaratasi: Fupisha. Dakika mbili.

Sawa, nikasema moyoni, ruka yote, nenda kwenye daraja. Nikafunua. Sasa zile karatasi, kwa unyevu na jasho la vidole vyangu, zilikuwa zimeshikana, na hata zile zilizofunuka sikuona daraja liko wapi wala mdalasini unaishia wapi, maana aya nilizozisuka kwa ufundi wote ule zilikuwa zinafanana kama kuku weupe. Hakuna kichwa cha habari, hakuna nafasi, hakuna mahali pa kuingilia. Watu wananitazama. Nikafunua tena, jicho likaona neno "tunaomba," nikashukuru Mungu, nikalidaka na kuanza kulisoma kwa sauti kubwa kuliko zote nilizotumia siku hiyo:

"Kwa unyenyekevu mkubwa, mgeni rasmi, tunaomba kusaidiwa spika mbili kwa ajili ya kikundi chetu cha ngoma."

Nilijisikia nikimaliza sentensi. Sikuweza kuizuia, ilishatoka. Na kabla sijavuta pumzi ya kusema kingine chochote, Bi Sikujua na wenzake ishirini wakapiga vigelegele vilivyoshinda ile mvua, na nikauona uso wa mgeni unafunguka, masikini, kwa mara ya kwanza katika dakika thelathini amepewa kitu anachoweza kukishika. Akasimama. Mgeni rasmi akisimama, hakuna tena anayesoma, hiyo mnaijua. Akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, kilikuwa hicho hicho kimoja.

"Ndugu zangu, mvua ni baraka, sitasema mengi. Mwalimu ametueleza vizuri sana mlikotoka, na mwisho ametuambia mnachotaka. Nimelielewa ombi lenu. Spika mtazipata, tena kubwa."

Makofi. Vigelegele tena. Nikasema, "Mheshimiwa, samahani, bado kuna ukurasa wa—" lakini bila kipaza sauti, chini ya turubai linalopigwa na mvua, nilikuwa najiambia mwenyewe. Mshereheshaji akanisukuma kidogo mgongoni. "Kabidhi risala, Mwalimu, kabidhi risala." Nikapiga goti, nikaikabidhi kwa mikono miwili, picha ikapigwa. Ipo kwenye kundi la simu la kijiji mpaka leo. Mgeni anatabasamu, mimi mdomo uko wazi.

Njia nzima ya kurudi mjini, wanafunzi wangu walikuwa wapole kupita kiasi, na upole wa watoto wa kidato cha tatu unaumiza kuliko kelele zao. Tulipofika mteremko wa mwisho, msichana mmoja anaitwa Yusta, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, akasogea kiti cha nyuma yangu.

"Madamu, samahani. Nimejaza karatasi yote, imebaki sehemu moja. Hapa panapouliza msikilizaji anaombwa nini, niandike spika?"

Nikamtazama kama ananitania. Hakuwa ananitania hata kidogo. Aya zinashikamana, alikuwa ameandika ndiyo. Lugha ina adabu, ndiyo sana. Nikamwambia andika spika, Yusta, umesikia sawasawa.

Nilijipa moyo kwamba maandishi mgeni rasmi anayo, atayasoma hadi mwisho. Wiki iliyofuata nikaenda ofisini kwao kufuatilia. Karani aliyenipokea, dada mmoja mstaarabu, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, akatoa jalada. Risala yangu ilikuwamo, imebanwa vizuri, na ukurasa wa tano ulikuwa umepigwa mstari kwa kalamu ya kijani.

"Nzuri sana, Mwalimu, ina historia," akasema. "Tumeshaishughulikia."

"Ulifika ukurasa wa tisa?"

Akacheka kidogo kwa haya. "Nilipoliona ombi ukurasa wa tano nikasimama hapo. Nyuma yake kuna nini?"

Nikamfunulia. Akasoma ile aya yote kwa makini, mto, watoto, siku walizokosa, na nikaona anaielewa, maana aliacha kucheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba hili lilitakiwa lije peke yake, lingepokelewa, mgeni mwenyewe angeliahidi pale pale kwa kinywa chake. Lakini sasa kijiji chetu kimekwisha kusikilizwa kwa ombi moja, na hili liandikwe upya lingoje zamu yake. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumtupia. Nikamtupia Mjomba, kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mimi nilisema aya moja," akasema. "Na ya asili aliisikiliza vizuri."

Spika zililetwa Januari. Ni kubwa kweli, hakudanganya. Barua ya daraja nimeiandika upya, nusu ukurasa, na baada ya salamu neno la kwanza ni daraja. Mjomba aliponiambia niongeze mistari miwili ya asili, ili isikae uchi, nilimwambia hapana, Mjomba, na hiyo ni mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia hivyo. Akaacha kupokea simu zangu siku nne. Wacha asipokee. Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba hakuna mtu atakayeniongezea tena aya moja tu kwenye maandishi yenye shida ya watu ndani yake, awe mjomba, awe mwalimu mkuu, awe nani, na kwamba kilicho muhimu nitakisema nikiwa bado nina kipaza sauti. Barua iko ofisini. Inangoja zamu.

Na masika yameingia. Kamati imezifunga zile spika mbili pembeni ya paa la shule, zimeelekezwa ng'ambo ya juu, na Bi Sikujua ndiye mwenye funguo za chumba cha mashine. Wiki iliyopita dada Asha alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, hakunisalimu, akasema sikiliza, akainua simu juu. Nikasikia sauti ya Bi Sikujua ikija kutoka ng'ambo, safi, haikwaruzi, kila neno limenyooka: "Wazazi wa ng'ambo ya juu, mto umejaa. Watoto wasije shule leo. Narudia, watoto wasije." Akarudia. Halafu Rehema akaichukua simu.

"Shikamoo mama mdogo. Leo ni siku ya kumi na moja. Unaweza kunifundisha hesabu kwa simu?"

Mimi hesabu naiogopa tangu nikiwa na umri wake. Nikamwambia akalete penseli.